Mwongozo wa Kuumbuka kwa Pivoti

Kikao cha Jumatatu kinaanza saa tatu kamili. Saa mbili na nusu bosi anapita mezani kwako, kikombe cha chai mkononi, anasema: "Nataka mauzo ya kila tawi, kila mwezi, karatasi moja tu." Wewe una mistari elfu kumi na nane ndani ya Excel, kila mstari risiti moja. Jirani yako wa meza anakunong'oneza, "Piga pivoti, dakika mbili tu." Amesema kweli. Kujenga pivoti ni dakika mbili. Kuumbuka nayo ndiko kunakotaka maandalizi, na mwongozo huu umeandikwa kukusaidia kujiandaa.

Kwa asiyeijua, pivoti ni jedwali linalokunja orodha ndefu ikawa fupi. Unachagua kolamu gani ikae ubavuni, gani ikae juu, na gani ijumlishwe katikati. Wazo lake linahusishwa na Pito Salas, aliyekuwa akifanya kazi Lotus, na lilitoka kwa wanunuzi mwaka 1991 ndani ya programu iitwayo Improv, kwenye kompyuta za NeXT. Microsoft wakaliingiza katika Excel 5 mwaka 1993. Watu wanaumbuka nalo kwa zaidi ya miaka 30 sasa, kwa hiyo usijione mpweke.

Anza na fedha. Andika kiasi kama tunavyoandika kwenye vitabu vya risiti: 250,000/=. Kwenye karatasi ile /= inamzuia mjanja asiongeze sifuri. Kwenye Excel inageuza namba kuwa maneno. Ukiivuta kolamu ya kiasi katikati ya pivoti, Excel itaona maneno, na kwa kuwa maneno hayajumlishiki, itahesabu idadi yake. Ripoti itasema tawi la Mbagala limeuza 412. Bosi atauliza, "Mia nne na kumi na mbili nini?" Swali zuri. Ni risiti.

Hapo mtu wa kawaida anabofya kulia, anabadilisha "Count" kuwa "Sum", anamshukuru Mungu. Fanya hivyo hivyo. Kama karani mmoja kati ya watano ndiye anayependa /=, risiti zake zitaingia kwenye jumla kama sifuri, na za wenzake zitajumlishwa vizuri kabisa. Jumla itatoka na koma zake na sura ya kuaminika, imepungua jasho lote la karani huyo, na hakuna atakayeshtuka hadi mkaguzi aje. Ile 412 angalau ilimchekesha bosi.

Kuna watu wa kuharibu starehe watakaokushauri ubonyeze Ctrl+H, utafute /=, uache sehemu ya kubadilishia wazi, halafu namba zote zirudi kuwa namba. Wana dalili yao pia: namba ya kweli hujipanga kulia mwa seli yenyewe, maneno hujipanga kushoto. Usiwasikilize. Wewe chagua kolamu nzima uipange katikati, ili hata dalili hiyo isionekane.

Sasa majina ya matawi. Hapa pivoti ina huruma ya ajabu, kwa sababu haijali herufi kubwa na ndogo. MBAGALA na Mbagala kwake ni mmoja. Lakini weka nafasi moja tu baada ya herufi ya mwisho, nafasi isiyoonekana kwa macho, na utapata Mbagala wawili wamekaa mmoja juu ya mwenzake kama mapacha, kila mmoja na mauzo yake. Bosi atakutazama, wewe utaitazama skrini. Dawa ya kawaida ni fomula ya TRIM. Ila kama majina uliyanakili kutoka ukurasa wa intaneti, huenda nafasi hiyo ni ya aina nyingine, ile yenye namba 160 katika orodha ya herufi, na TRIM itaipita kama daladala iliyojaa inavyopita kituo. Ile inabidi uifute kwa SUBSTITUTE na CHAR(160). Na kama makarani wako wanaandika Dar, DSM, D'Salaam na Dar es Salaam kwa zamu, hakuna fomula ya kukusaidia. Huo ni mkutano wa wafanyakazi.

Tarehe nimeziweka mbali kidogo kwa heshima, maana ndizo zenye kipaji kikubwa zaidi cha kuumbua.

Kompyuta nyingi hufika ofisini zikiwa na mpangilio wa Kimarekani, mwezi mbele ya siku, na hakuna anayekumbuka kuubadilisha. Karani anaandika 05/04/2024 akimaanisha tarehe tano Aprili. Excel inapokea kwa adabu, inaihifadhi kama tarehe nne Mei. Baadaye anaandika 25/04/2024. Mwezi wa 25 haupo, kwa hiyo Excel inaiacha kama maneno matupu. Matokeo yake, siku 12 za kwanza za kila mwezi ni tarehe halali, nyingi zikiwa zimehamia mwezi usio wao, na zilizobaki hazina mwezi kabisa. Ukiomba pivoti izikusanye kwa miezi, Excel itakataa na kukwambia haiwezi kuzikusanya ulizochagua. Sentensi moja fupi, bila kueleza kosa liko mstari gani kati ya elfu kumi na nane.

Mwenye hekima kidogo ataenda "Text to Columns", achague siku-mwezi-mwaka, na zile za tarehe 13 kuendelea zitapona. Pivoti itakubali kukusanya, atafurahi, atachapisha. Zile za tarehe 1 hadi 12 zitabaki kwenye miezi ya watu, kwa sababu zenyewe hazikuonekana wagonjwa. Ndiyo maana wanaojua hutupa kolamu nzima, wakarudi kwenye faili la asili na kuliingiza upya huku wakiiambia Excel tangu mlangoni kwamba siku inatangulia. Kupima ni rahisi: ipe seli muundo wa "General". Tarehe ya kweli itageuka namba, mathalani 1 Januari 2024 ni 45292. Ikibaki ilivyo, ni maneno yaliyovaa suti ya tarehe.

Tuseme pamoja na juhudi zako zote data imetoka safi. Usikate tamaa, bado kuna njia. Pivoti ni picha ya pasipoti, haina tabia ya kioo. Ilipigwa siku ulipoijenga, na inabaki na sura ya siku hiyo mpaka uiambie ijipige upya, kwa kubofya kulia na kuchagua "Refresh", yaani kuiburudisha. Kwa hiyo sahihisha data Ijumaa jioni, ihifadhi, ufungue pivoti Jumatatu na uisome kwa sauti ya kujiamini. Katika mipangilio yake kuna kisanduku kinachoifanya ijipige upya kila faili linapofunguliwa. Usikiguse.

Hata ukiburudisha, pivoti itatazama pale tu ulipoionyesha. Kama uliielekeza mstari wa 1 hadi wa 18,000, mstari wa 18,001 kwake haujazaliwa. Wapinzani wa mwongozo huu hugeuza data kuwa jedwali rasmi kwa Ctrl+T kabla ya yote, kisha kila mstari mpya unajiunga wenyewe. Na usidhani mistari hupotea kwetu tu. Mwaka 2020 nchini Uingereza wagonjwa 15,841 wa Korona hawakuingia kwenye takwimu za kila siku kwa wakati, kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani, lisilobeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje, na faili halikulalamika.

Vichujio sasa. Tawi la Tegeta lilifungwa, ukalitoa tiki kwenye orodha ya pivoti ili lisichafue ripoti. Safi. Miezi mitatu baadaye kampuni inafungua tawi Dodoma, mauzo yanaingia, unaburudisha, na Dodoma haipo. Ulipoanza kuchagua kwa mkono nani abaki, Excel ilielewa kwamba wageni hawaruhusiwi. Kuna tiki ya kuwakaribisha, imefichwa ndani ya mipangilio ya kolamu husika, inasema vitu vipya viingizwe hata kama umechuja kwa mkono: "Include new items in manual filter". Meneja wa Dodoma ndiye atakayekufundisha mahali ilipo, kwa simu, na hatakuwa na haraka ya kukata.

Kinyume chake ni mizimu. Mwaka jana mtu aliandika Morogolo. Ulisahihisha, ukaburudisha, kwenye jedwali imeondoka, lakini ukifungua orodha ya kuchujia Morogolo yupo palepale, anakutazama. Pivoti inatunza kumbukumbu ya vitu vilivyofutwa. Fungua mipangilio yake, nenda sehemu ya "Data", idadi ya vitu vya kutunza iweke "None", kisha burudisha. Hakuna haja ya mganga.

Na kama una mfanyakazi aitwaye June, utamkuta juu kabisa ya orodha, mbele ya Abdallah na Asha, hata ukipanga kwa alfabeti mara kumi. Hakuna upendeleo hapo. Excel ina orodha zake za ndani za majina ya miezi na siku kwa Kiingereza, na inampa June nafasi ya mwezi wa sita. April na May nao wana bahati hiyo. Ipo tiki ya kuizuia kutumia orodha hizo inapopanga, ila mimi ningemwacha dada June afaidi.

Kuhusu urembo sitasema mengi, maana urembo hukera tu, hauharibu kazi. Kila ukiburudisha, kolamu ulizozinyoosha kwa mkono zinarudi kujikunja zilivyotaka zenyewe. Toa tiki kwenye "Autofit column widths on update" na hapohapo hakikisha ile ya kutunza muundo wa seli ina tiki. Koma za maelfu usiziweke kwa kupaka seli rangi na muundo kama karatasi ya kawaida. Bofya kulia juu ya namba, chagua "Number Format", ili muundo uwe wa kolamu na si wa seli iliyokaa hapo leo. Na ule mpangilio wa kawaida unaobananisha mkoa, tawi na karani ndani ya kolamu moja kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni, ubadilishe uwe wa "Tabular", na majina yajirudie kila mstari. Basi.

Nimebakiza njia moja ya kuumbuka, ambayo naijua kwa sababu nimeipita.

Miaka kadhaa nyuma, katika ofisi ambayo sitaitaja, niliombwa jumla ya mishahara na posho kwa kila idara. Idara, si watu. Niliijenga pivoti nzuri, idara sita, jumla sita. Kwa kuwa mimi ni mtu makini, nikaifuta kabisa karatasi yenye majina, faili likabaki na ile pivoti pekee. Nikalituma kwa wakuu wote wa idara nikaenda kunywa chai.

Sikujua kwamba pivoti inabeba tumboni nakala ya data yote iliyoijenga. Mkuu mmoja alitaka kuikuza namba ya idara ya Utawala aisome vizuri, akaibofya mara mbili. Excel ikamfungulia karatasi mpya yenye kila mstari uliounda namba ile: jina, cheo, mshahara, posho ya nyumba, makato ya mkopo. Alikuja mezani kwangu akiwa ameshika kompyuta mpakato mikononi kama sinia. "Mwanangu," akasema, kwa upole ulioniogopesha kuliko kelele, "hivi dereva wa mkurugenzi ananizidi posho?"

Nilimwamkia. Ndilo jambo pekee lililonijia kichwani. "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akaendelea kusimama.

Siku hizi Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kituko kama changu kinaweza kukuacha na maelezo mbele ya watu wasio na mzaha. Kinga yake ni ya kitoto. Nakili pivoti, ibandike kama thamani tupu kwenye faili jipya, au itoe kama PDF, ndipo utume. Kuna pia tiki ya kuzuia kubofya mara mbili, lakini tiki inaweza kurudishwa na yeyote mwenye udadisi, na katika ofisi ile udadisi haukuwa haba.

Faili lile liliwafikia wakuu sita wa idara, nao wakalisambaza kwa watu nisiowajua. Likikufikia na wewe, tafadhali, lisome tu. Usibofye mara mbili.