Ngeli za Wasasishaji: Jaribio la Kuwaainisha Wanaobadilisha Programu za Ruta Viwandani

1. Pengo katika elimu

Ndege wameainishwa, samaki wameainishwa, na bahari za ushairi zimeainishwa mpaka zimechoka. Lakini mtu anayesimama usiku wa manane mbele ya kabati la chuma, kompyuta mpakato mkononi, akijiandaa kubadilisha mfumo endeshi wa ruta inayounganisha pampu na chumba cha uendeshaji, hajapata mwanazuoni wake. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo, na yanatanguliza radhi kwa jamii inayochunguzwa.

Kwanza fasili. Ruta ya kiwandani si ile ya sebuleni. Kwa kawaida haina feni, hufungwa kwenye reli ndani ya kabati, na baadhi yake, kama zile za RUGGEDCOM za Siemens, hutengenezwa zivumilie baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri hadi joto la nyuzi 85. Sifa hizi zina athari ambayo haimo kwenye vipeperushi vya mauzo: kifaa kisichouawa na joto wala baridi husahaulika. Ukifungua kabati, mara nyingi utakuta vumbi ni jipya kuliko programu.

2. Kigezo

Uainishaji mzuri hutaka kigezo kimoja. Tulikataa cheo, kwa kuwa wenye vyeo hulala saa hizo. Tulikataa idadi ya vyeti, kwa kuwa ruta haijawahi kuuliza. Kigezo kilichobaki ni swali moja, linaloulizwa dakika moja kabla ruta haijaamriwa izime na kuwaka upya: isipowaka, utafanya nini? Majibu yote yaliangukia ngeli nne.

3. Ngeli ya kwanza: Waahirishaji

Jibu lao: "Siizimi." Makazi: kiwanda chochote chenye meneja wa uzalishaji. Mlio: "Inafanya kazi, ya nini kuichokonoa?" Methali: subira yavuta heri.

Ngeli hii hudharauliwa isivyo haki. Kusimamisha laini ya uzalishaji ni gharama, na msambazaji wa mitambo huenda alithibitisha mfumo wake kwa toleo moja tu la programu. Hata waraka wa IEC 62443-2-3 wa mwaka 2015, unaohusu viraka vya programu katika mifumo ya udhibiti viwandani, unataka kiraka kitathminiwe na kijaribiwe kabla ya kusimikwa. Kwa hiyo lazima tutofautishe spishi mbili. Mwahirishaji halisi ana tarehe ya kusasisha, na wakati akiisubiri amefunga mlango wa usimamizi, anaruhusu anwani chache tu za ndani, na amezima huduma zisizotumika. Mwahirishaji bandia ana neno "baadaye".

Mwaka 2018 ulikuwa mbaya kwa spishi ya pili. Mwezi wa Aprili MikroTik walitoa kiraka cha tundu lililokuwa katika Winbox, chombo cha kusimamia ruta zao. Kilikuwa bure. Miezi michache baadaye, ruta zaidi ya 200,000 zisizosasishwa zilikutwa zikitumiwa kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya watu wasiojulikana. Mwezi wa Mei mwaka huohuo iligunduliwa programu hasidi iliyopewa jina la VPNFilter, ikiwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54. Sehemu yake moja ilikuwa ikisikiliza Modbus, lugha ambayo mitambo ya viwandani huongea yenyewe kwa yenyewe.

4. Ngeli ya pili: Wapenda Upya

Jibu lao: "Itawaka." Mlio: "Toleo jipya limetoka!" Methali: ngojangoja huumiza matumbo. Msomaji atatambua kwamba lugha yetu, kwa ukarimu wake, imempa kila fundi methali ya kujitetea.

Mpenda Upya husimika toleo siku lilipotoka, na maelezo yanayoambatana nalo huyasoma siku tatu baadaye akitafuta sababu. Humo ndimo hukuta kwamba alipaswa kupitia kwanza toleo la kati. Hukuta pia kwamba mpangilio umebadilika: waliohama kutoka RouterOS 6, mfumo wa ruta za MikroTik, kwenda 7 walikuta OSPF na BGP, itifaki za kuelekeza njia, zinaandikwa kwa muundo mwingine. Na hukuta kwamba programu ndogo inayoiamsha ruta husasishwa peke yake, ikahitaji ruta izimwe na kuwashwa kwa mara nyingine, mara ambayo hakuiombea ruhusa kwa meneja.

Hatari kubwa zaidi ni faili lenyewe. Mtengenezaji huchapisha heshi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na faili. Baiti moja ikibadilika, mfuatano wote unabadilika. Kuulinganisha huchukua dakika moja, na Mpenda Upya huiona dakika hiyo kuwa ndefu. Programu isiyo halali inaweza kufanya nini? Tarehe 23 Desemba 2015, wavamizi walipokata umeme wa wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine, waliandika programu mbovu juu ya ile halali katika vigeuzi vya mawasiliano vilivyokuwa vituoni. Vigeuzi vikaacha kutii amri za mbali, ikabidi mafundi wafike vituoni na kuwasha swichi kwa mikono. Kifaa kisichokagua saini ya kidijitali ya programu, yaani uthibitisho wa aliyeitengeneza, humeza chochote kinacholetwa, awe aliyekileta ni fundi au adui.

5. Ngeli ya tatu: Wa Mbali

Jibu lao: "Nitaingia tena." Makazi: nyumbani, kitandani. Njia wanayokusudia kuingilia inapita ndani ya ruta waliyoizima sasa hivi.

Mfano mkubwa kabisa wa ngeli hii hauhusu kiwanda kimoja. Tarehe 8 Julai 2022, kampuni ya Rogers ya Kanada ilikuwa katika hatua ya 6 kati ya 7 za kuboresha kiini cha mtandao wake. Kichujio kimoja cha njia kiliondolewa katika usanidi, njia zikafurika, ruta za kati zikalemewa, na wateja zaidi ya milioni 12 wakakosa huduma. Wafanyakazi walipotaka kuufikia mtandao wa usimamizi, walikuta nao unategemea kiini kilekile kilichozimika.

Ngeli hii ina tawi linaloitwa Wafutaji. Kumbukumbu ya ruta ikiwa ndogo, Mfutaji hufuta toleo la zamani ili jipya lipate nafasi, kisha anaanza kulihamisha jipya kwa TFTP, itifaki isiyo na nenosiri ambayo utekelezaji wake wa zamani hukwama faili likifika megabaiti 32. Uhamishaji unakatika. Ruta haionyeshi dalili yoyote, kwa kuwa programu inayoendesha kazi imeshapakiwa katika kumbukumbu ya muda. Inafanya kazi vizuri kabisa, mpaka umeme utakapokatika.

Ukishakatika, inabaki njia ya waya wa konsoli na Xmodem, itifaki ya mwaka 1977. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, zinapita baiti 960 kila sekunde. Faili la megabaiti 30 litachukua saa 8 na dakika 40, endapo hakuna atakayejikwaa kwenye waya.

6. Ngeli ya nne: Wenye Akiba

Jibu lao ni refu, na hulisoma kutoka kwenye karatasi. Methali: akiba haiozi. Tabia zao zilizothibitishwa ni hizi:

Nakala ya usanidi wa zamani hukaa nje ya ruta. Toleo jipya likishautafsiri usanidi kwa mpangilio wake, la zamani likirudishwa huenda lisiuelewe.

Toleo la zamani halifutwi. Katika ROX II ya RUGGEDCOM kuna sehemu mbili za kuhifadhia mfumo: jipya husimikwa katika ile iliyolala, na likigoma unarudi kwenye ile ya kwanza.

Saa hutegwa. Katika IOS XE ya Cisco, toleo lililoamilishwa bila kuthibitishwa hurudishwa nyuma na ruta yenyewe baada ya dakika 120, isipopangwa vingine. Kwa upande wa usanidi, Junos hukupa dakika 10 za kuthibitisha, na hali ya usalama ya MikroTik hutengua mabadiliko muunganisho wako ukikatika. Aliyejifungia nje hufunguliwa na saa.

Ruta ya mbali husasishwa kwanza na ya karibu mwisho, ili kosa lisikate njia ya kuendea zilizobaki. Zikiwa mbili zinazosaidiana, inayosubiri hutangulia.

Mtu yupo kabatini, ana waya wa konsoli uliojaribiwa mchana, na laini ya simu isiyopita katika mtandao unaofanyiwa kazi. Rafuni ipo ruta ya ziada yenye usanidi uleule. Wavamizi walipofuta kumbukumbu za modemu za mtandao wa setilaiti wa KA-SAT mwezi Februari 2022, mitambo ya upepo 5,800 ya Enercon huko Ulaya ya Kati iliendelea kuzunguka bila kusimamiwa kutoka mbali, na dawa kwa nyingi ilikuwa kufungiwa modemu mpya.

Mwisho, hali ya kabla huandikwa: idadi ya njia, milango iliyo hai, majirani waliounganishwa. Taa ya kijani haiwatoshi. Wanangoja pampu ijibu.

7. Pingamizi, na marekebisho ya nadharia

Msomaji makini atasema kwamba anamfahamu fundi aliye katika ngeli zote nne. Pingamizi hilo ni sahihi, na linabomoa sehemu kubwa ya kazi yetu. Fundi huyo saa nne asubuhi ni Mwenye Akiba. Saa sita na nusu usiku, ruta tatu zikiwa zimepita salama, haangalii tena heshi ya nne. Saa nane na nusu, ruta ya tano ikigoma, anajaribu jambo moja la mwisho, kisha jingine la mwisho. Hata makampuni hufanya hivyo: kazi ile ya Rogers ilipimwa mwanzoni kuwa ya hatari kubwa, na hatua za awali zilipofaulu, kipimo kikashushwa kuwa cha hatari ndogo.

Kumbe ngeli si za watu, ni za saa. Aliyechoka hawezi kuaminiwa kupima uchovu wake, kwa hiyo uamuzi wa kurudi nyuma lazima ufanywe mchana, kwa hesabu. Ruhusa ikiwa ni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, na kurudisha toleo la zamani kukichukua saa moja na nusu, kama ilivyopimwa kwenye ruta ya ziada, mwisho wa kujaribu ni saa nane na nusu. Muda huo unaandikwa, na karatasi anakabidhiwa msimamizi wa zamu, mtu asiyejua OSPF na asiyetaka kuijua.

Saa nane na nusu ikigonga, msimamizi anasema, "Injinia, muda." Injinia atajibu kwamba imebaki kidogo. Kwa mujibu wa uainishaji huu, aliyetamka maneno hayo keshahama ngeli, na kibodi achukue mwingine.