Jinsi ya Kumweleza Mtoto Miezi ya Mirihi

Kwanza, chagua wakati. Unaofaa ni baada ya chakula cha jioni, mtoto akiwa ameshiba na wewe umechoka, maana mzazi mwenye nguvu husema mengi. Mwambie: dunia yetu ina mwezi mmoja, Mirihi ina miwili, Phobos na Deimos. Nyamaza hapo. Hutanyamaza.

Pili, usikimbilie kumwonyesha picha. Mtoto anajua mwezi ni duara. Ameuchora hivyo tangu chekechea na akasifiwa. Phobos una upana wa kilomita 22 hivi, Deimos 12, na yote miwili imekaa kama kiazi kilichotafunwa na panya. Atasema hiyo si miezi, ni mawe. Usibishane naye. Wataalamu wenyewe bado wanabishana ilikotoka.

Tatu, mfano wa mezani. Chukua chungwa, liwe Mirihi. Kwa vipimo vya haki, Phobos ni chembe ya mchanga inayozunguka sentimita sita hivi kutoka kwenye ganda. Chembe haionekani, kwa hiyo utatumia karanga mbili kama wazazi wote, na utasema "tuseme" mara nyingi. Zungusha Phobos haraka: humaliza mzunguko kwa saa 7 na dakika 39, ilhali siku ya Mirihi inazidi saa 24. Ndiyo maana aliyesimama huko angeuona ukichomoza magharibi na kuzama mashariki. Mtoto aliyepata vema juzi kwa kuandika kwamba jua huchomoza mashariki atakutazama kwa huruma. Usigeuke kutafuta kitabu. Ukigeuka, Deimos italiwa.

Nne, maswali ya ukoo. Kuna kanuni isiyoandikwa popote lakini kila nyumba inaifuata: mkubwa hasemi "sijui". Akiuliza nani aliiona, jibu: Asaph Hall, Mmarekani, Agosti 1877. Alikuwa karibu kukata tamaa, mkewe Angeline Stickney akamhimiza arudi kwenye darubini. Mume akapata sifa. Mke akapewa shimo, kubwa kuliko yote kwenye Phobos, upana wa kilomita 9 hivi. Yale majina? Ni ya watoto wa Ares, mungu wa vita wa Wagiriki. Mama yao? Aphrodite, mke wa Hephaestus mhunzi. Ndiyo, mke wa mtu. Bibi yake atakohoa kutoka jikoni. Rudi kwenye karanga iliyobaki.

Tano, na hili zingatia: usitaje kabisa kwamba Phobos unaisogelea Mirihi, karibu mita 2 kila miaka 100, na kwamba baada ya miaka milioni 50 hivi utavunjika au kuanguka. Mtoto hasikii milioni 50. Anasikia "mwezi utaanguka". Utamtuliza kwamba wetu hauanguki, tena unazidi kwenda mbali, sentimita 3.8 kwa mwaka. Atauliza, midomo ikitetemeka, unakwenda wapi na kwa nini.

Acha taa ikiwaka. Kesho mwalimu wake akipiga simu, pokea.