Simu Mnaionea, Jua Mmelifungia Nje

Ffyoo! Siku hizi hapa kwetu Fumba, Unguja, mtoto akionekana na miwani tu, baraza zima linaikalia kitako simu. Simu imemharibu, simu imemla macho, mamake naye kazidi kumpa simu. Muuza kahawa ndiye hakimu, kashata ndiyo ada ya mahakama, na hukumu inatoka kabla kikombe hakijapoa. Haya, na mie nisikilizeni. Simu ina dhambi zake, sikatai, lakini kwa hili mmemkamata mshitakiwa wa pili. Wa kwanza ni sie tuliokaa hapa, tunaomweka mtoto chini ya dari toka alfajiri mpaka isha.

Nahodha kaanza: "Sie enzi zetu nani alivaa miwani?" Juzi yuko pwani na mjukuu wake, tanga linaingia kutoka upande wa kisiwa cha Kwale, akamuuliza: "Chombo cha nani kile?" Mtoto akafinya macho, akanyoosha shingo, akauliza: "Babu, chombo kipi?" Nahodha alifyonya mpaka paka wa wavuvi wakatawanyika. Na mtoto huyo huyo mpe msahafu wa herufi ndogo, anausoma bila kukwama. Cha karibu anakiona, cha mbali ukungu mtupu.

Tatizo lenyewe ni jicho kurefuka kupita kiasi. Picha ya kitu cha mbali inatua kabla haijafika kwenye retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma inayopokea mwanga. Na wataalamu wengi wanaeleza hivi: mwanga mkali wa mchana huifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, na hiyo ndiyo inayolizuia jicho lisirefuke ovyo. Sasa pimeni wenyewe. Darasani, hata taa zikiwashwa zote, mwanga, kwa kipimo chake cha laksi, ni 300, labda 500. Toka nje saa nne asubuhi, laksi 10,000 unazipita bila jasho, na jua likiwa kali zinafika 100,000. Hata kivulini nje, mwanga unaushinda wa chumbani mara nyingi tu.

Mwalimu mstaafu akakohoa, akaweka kikombe chini. "Si ni kusoma sana huko? Na mengine si ya kurithi?" Ya kurithi yapo, Mwalimu, na kusoma kuna mchango wake. Lakini watafiti walichukua watoto wa miaka 6 na 7, wote wa asili ya Kichina, wengine wa Singapore, wengine wa Sydney, Australia, wakatoa matokeo mwaka 2008. Singapore, 29 katika kila 100 walikuwa hawaoni mbali. Sydney, 3 tu. Na hao wa Sydney ndio waliokuwa wakisoma vitabu vingi zaidi kwa wiki! Walichowazidi wenzao ni nje: wao karibu saa 14 kwa wiki, wa Singapore saa 3.

"Bahati tu hiyo," akasema kijana wa bodaboda. Haya, na Guangzhou, China? Skuli 12 za msingi, nusu yake watoto wa darasa la kwanza wakaongezewa dakika 40 za nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, kwenye skuli zilizoendelea na ratiba ya zamani watoto 39 na nusu katika kila 100 walikuwa wamepata tatizo hili. Waliotolewa nje, 30. Dakika 40, bwana! Sie hapa tunazimaliza kubishana penalti.

Sasa tuhesabu siku ya mtoto wetu. Wa mkondo wa asubuhi akitoka skuli anatia tonge mbili, anavaa kanzu, huyoo chuoni kwa Kurani. Akitoka chuo, tuisheni. Akitoka tuisheni, magharibi imeingia. Wa mkondo wa mchana ni hayo hayo, yamegeuzwa tu. Jua analipata njiani. Kishada hajui kinavyofungwa, kibe anakisikia kwa bibi yake. Na hii ni Fumba, bahari iko nyuma ya nyumba! Hao wanaohamia kwenye maghorofa ya mji mpya ndio kabisa: mtoto anatoka chumbani anaingia garini.

Hapo akapita bi mkubwa anatoka kwenye mwani upande wa Bweleo, kapu kichwani, akasimama. "Na mtoto wa kike je? Akikaa ndani mnamsifu katulia. Akicheza nage nje mnasema kazidi. Halafu asipoona ubao mnamwambia mjinga." Hakuna aliyemjibu, maana kila mmoja ana binti kwake.

Kuna mmoja akanirukia: "Kwa hiyo unataka chuo kifungwe?" Astaghfirullah, nani kasema? Wazee wetu walisoma chini ya mwembe, na Kurani wakaihifadhi. Nani kaweka sharti kwamba juzuu isomwe chini ya bati? Hamisheni mkeka. Na skuli nazo, kengele ya mapumziko ikilia, watoto wote nje, asibaki mtu darasani. Huko Kaohsiung, Taiwan, skuli moja ilifanya hivyo hivyo, na mwaka ulipokwisha watoto wapya wasioona mbali walikuwa 8 katika kila 100, wakati skuli jirani walikuwa karibu 18. Kofia ruhusa, kivuli ruhusa. Kulikodolea jua macho ndiyo marufuku.

Ila tusidanganyane: jua linakinga, haliponyi. Jicho likisharefuka halirudi, na hapo dawa ni miwani. Mjukuu wa Nahodha apelekwe akapimwe, asiambiwe aende akaote jua. Utafiti wa skuli za sekondari Mwanza uliotolewa mwaka 2002 ulikuta wasioona mbali hawafiki 6 katika kila 100. Kwa hesabu hiyo sie tulikuwa na nafuu. Seoul, vijana wa kiume wa miaka 19 waliopimwa mwaka 2010, ni zaidi ya 96 katika kila 100. Lakini wanafunzi wa Mwanza waliohitaji miwani, waliokuwa nayo hawakufika hata thuluthi moja. Wengine wote walikaa darasani bila miwani. Na mtoto wa hivyo akinakili kwenye daftari la jirani, mwalimu akimwona anadhani anaibia, fimbo. Mtoto anapigwa kwa sababu ya urefu wa jicho lake!

Basi kesho alasiri mtoto akiomba kwenda uwanjani, mwacheni aende, hesabu atazikuta zinamsubiri. Najua hamtakubali. Kinga hii ingeuzwa kwenye chupa kwa shilingi 50,000, mngekuwa mmeshapanga foleni sokoni Darajani. Kosa lake ni kuwa ya bure, haina chupa wala risiti. Ffyoo!