Jinsi ya Kushindwa na Lehemu ya Ukoo Bila Kupoteza Hadhi

Majibu umeshayapata: lehemu mbaya imepita milimoli 4.9 kwa lita, na daktari amekuuliza kama kwenu kuna aliyekufa kwa moyo kabla ya miaka 55. Usibabaike, ndugu yangu. Ukiwa hapa Hale, kila kinachohitajika ili ushindwe vizuri unacho mlangoni.

1. Jifiche nyuma ya ukoo. Mtu akiitupia jicho sahani yako, mwambie: "Hii ya kwetu ni ya kurithi." Utamu wake ni kwamba ni kweli. Ini lina vipokezi vya kuinasa lehemu mbaya na kuitoa kwenye damu. Vyako vingi ni vibovu tangu tumboni mwa mama. Brown na Goldstein wa Marekani walivigundua vipokezi hivyo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Wewe jipe supu ya kongoro na chapati mbili. Kosa si lako, utateseka kwa lipi?

2. Tamba na wembamba. Jipige tumbo mbele za watu, uliza: "Mafuta yako wapi hapa?" Lehemu ya kurithi haihitaji kitambi, lakini nani anajua? Ukiota kinundu kigumu kwenye kano ya juu ya kisigino, kisingizie kiatu.

3. Wataje Wamasai. Handeni wapo, kwa hiyo mfano uko karibu. Mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann, alitoa matokeo ya kuwapima wanaume wa Kimasai wa Tanganyika: maziwa na nyama kwa wingi, lehemu chini. Ikariri hiyo. Habari za kushinda wakitembea nyuma ya ng'ombe ziruke, na ini lao usililinganishe na lako. Ukimaliza hotuba, ita bodaboda ikupeleke dukani, hapo ng'ambo ya barabara. Kituo chetu cha umeme kilijengwa kitoe megawati 21. Wewe usitoe hata jasho.

4. Nunua mafuta yaliyoandikwa "hayana lehemu". Maandishi hayadanganyi: mafuta ya mmea hayana kitu hicho, hata yasipoandikwa. Shughuli iko kwenye mafuta yanayoganda, ambayo hulizuia ini kuisafisha damu. Mawese ni karibu nusu, nazi hupita asilimia 80. Basi kisamvu kiungwe kwa tui zito, usipime. Bada kwa mchunga waachie wageni wa Dar wanaotafuta vyakula vya asili.

5. Hii ni ya mabingwa, wale wanaoona aibu kushindwa kwa sababu ya kongoro. Geuka mtakatifu. Acha nyama, kula maharage, amka alfajiri uzunguke mashamba ya mkonge mpaka majirani wakusifie. Halafu kataa dawa. Hakuna kushindwa kwa heshima kama huku, maana kila mtu atakuwa upande wako. Mlo mzuri pekee hupunguza lehemu ya namna hii kwa kama sehemu moja ya kumi: ukianza na 7, utafika 6.3 huku umekonda na unajivuna. Vidonge vya statini vingeweza kuipunguza kwa asilimia 30 hadi 50, lakini wewe sema "hizo ni kemikali", kisha unywe kitunguu saumu, tangawizi na limau. Akitokea mjuaji wa kukueleza kwamba Akira Endo, Mjapani, aliipata statini ya kwanza kwenye kuvu miaka ya 1970, badilisha mazungumzo haraka. Kuvu ni asilia mno.

Wakikushinda nguvu ukaanza vidonge, subiri kipimo kishuke, kisha uviache. Umepona, si ndiyo? Baada ya wiki chache lehemu itarudi ilipokuwa, nawe utakuwa na ushahidi kwamba dawa hazifanyi kazi.

6. Watoto wasijue. Kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, na damu kidogo tu ingemaliza ubishi wakiwa bado wadogo. Wapeleke shule, wapeleke madrasa au kanisani, maabara hapana. Wakiuliza habari za babu aliyeanguka shambani akiwa na arobaini na kitu, sema alirogwa. Mchawi umchague kwa busara: awe jirani ambaye michungwa yake inazaa kuliko yenu.