Mafundi wa Masikio

Bankstown, kusini-magharibi mwa Sydney, si mahali pa kimya. Vindege vya wanafunzi wa urubani huruka na kutua kwenye uwanja uliofunguliwa 1940, malori hayaishi Hume Highway, na reli ya kwenda Sydenham ilipofungwa mwishoni mwa Septemba 2024 ili igeuzwe kuwa metro, yakaongezeka na mabasi. Kwa hiyo gari likisikika kupita hayo yote, lina jambo.

Corolla ya mwaka 2002 ya baba mmoja mwenyeji wa Tanga ilikuwa na jambo. Asubuhi ikiwashwa, watoto wa jirani walitazama juu kutafuta ndege.

Ushauri haukukawia. "Sailensa, habibi," alisema jirani, mzee wa Kilebanoni, bila kuinuka kwenye kiti chake cha barazani. Shemeji mtu, aliyekulia Nairobi karibu na Kirinyaga Road, barabara ya maduka ya spea na mafundi, na kwa sababu hiyo hujihesabu amehitimu, alipinga papo hapo: "Shemeji, hiyo ni manifoldi. Sina haja hata ya kuinama." Sauti ikarekodiwa, ikatumwa WhatsApp hadi Tanga, na kaka mkubwa akajibu kwamba wezi wameng'oa kichujio cha moshi, kwa kuwa kina platini, paladi na rodi. Mke wa mwenye gari alikuwa na jibu fupi zaidi: "Mimi ninachosikia ni aibu."

Kila mmoja aliweza kuwa sahihi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Gasketi ya manifoldi ikivuja, injini ikiwa baridi hutoa mlio wa tik-tik unaopungua chuma kikipata moto na kutanuka. Sailensa ikitoboka, mlio huwa mzito na hutokea nyuma. Kichujio kikiibwa, gari hunguruma tangu ufunguo unapozungushwa. Lakini sauti husafiri ndani ya bomba na kugonga sakafu, hata tundu la katikati likasikika kana kwamba liko miguuni mwa dereva. Sikio peke yake halitoshi.

Kinachotosha ni tambara.

Kipimo chenyewe kinataka injini baridi, gari liwe nje na si ndani ya banda, maana monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu na huua. Mtu mmoja huvaa glovu nene na kuziba mdomo wa bomba kwa tambara lililoloa, kwa sekunde chache tu. Mwingine husikiliza panapofoka. Kilichobaki ni saa. Katika jimbo la New South Wales, mlio wa gari nyumbani haupaswi kusikika ndani kwa jirani kuanzia saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi, na mwisho wa wiki na sikukuu hadi saa mbili, isipokuwa gari linapoingia au kutoka. Ilikuwa Jumapili. Wanaume wawili walisimama na jeki, stendi na tambara lao, wakitazama simu kama waliofunga wanaosubiri adhana ya magharibi.

Saa mbili ilipotimia, gari likiwa juu ya stendi (jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu mwenye watoto), shemeji alilala chini kusikiliza manifoldi yake. Manifoldi ilikaa kimya. Sailensa nayo kimya. Mfoko ulitoka katikati, kwenye kiungo cha mabomba mawili, na maji ya sabuni yaliponyunyizwa yakatoa mapovu ya kutosha kuogesha mtoto. Boliti moja yenye springi ilikuwa imeliwa na kutu na gasketi ya duara imebaki vipande.

Kutu hiyo ilianzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na gari la safari fupi, nyumbani hadi sokoni na kurudi, halipati moto wa kuyakausha yote. Corolla hii ilikuwa haivuki Chapel Road mara nyingi.

Shemeji alipendekeza kopo la maziwa lililokatwa na kufungwa kwa klampu. Ni dawa halisi, imefikisha wengi nyumbani, ila haipiti ukaguzi wa kila mwaka unaotakiwa hapa kwa gari lililozidi miaka mitano, na ekzosi inayovuja haikubaliki. Wakanunua gasketi na boliti mpya, wakapuliza dawa ya kulegeza kutu, wakangoja. Boliti ya pili ikakatika hata hivyo, kama kawaida yake.

Jioni gari liliwaka kwa sauti ya gari. Kwa kuwa ngurumo imeondoka, kikasikika kibati cha kukinga joto kikitetema, na mzee wa barazani akatangaza kuwa ni gia boksi. Klampu moja ikamaliza mjadala.

Siku ya ukaguzi, ekzosi haikutajwa kabisa. Fundi aliuliza tu kwa nini taa ya breki ya kushoto haiwaki. Shemeji, ambaye hakuulizwa, akajibu: "Hiyo ni fyuzi."

Ilikuwa balbu.