Jinsi ya Kupata Likizo Bila Kumuua Shangazi

Ndugu mfanyakazi, kabla hujamtumia bosi ujumbe kwamba shangazi yako wa Singida hatunaye tena, soma kwanza kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo ya Tanzania Bara inakupa siku 4 za msiba zenye malipo, ila imewataja kabisa marehemu wanaohusika: mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa na mtoto wako, ambaye hata akiugua tu unaruhusiwa. Shangazi hayumo. Mjomba hayumo. Mama mkwe, ambaye ukikosa mazishi yake ndoa inaingia majaribuni, naye hayumo. Kwa hiyo shangazi umemuua bure. Na kama ni yule yule uliyemzika mwaka juzi, afisa utumishi analo faili.

Jua pia kwamba siku hizo 4 ni za mzunguko mzima wa likizo, yaani kipindi chote ambacho sheria inazihesabia, wafe wangapi. Zikiisha, msiba wa pili unaombwa kwa hisani ya mwajiri, na hisani hiyo haina mshahara. Kwa akina baba hesabu ni kali zaidi: siku 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Aliyejaliwa watoto katika nyumba mbili ndani ya mzunguko mmoja bado ni siku 3 zile zile. Agawanye mwenyewe kwa busara zake. Mama ana siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Hapo hapatafutwi ujanja. Anayedhani hiyo ni likizo aachiwe mapacha usiku mmoja.

Tuje kwenye malaria ya Jumatatu. Huu ni ugonjwa unaoanza Jumapili saa 4 usiku na kupona Jumatatu saa 5 asubuhi, wakati bosi ameshakubali. Sijui kwa nini watu wanajitesa hivi. Sheria inampa mgonjwa siku 126 katika mzunguko: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Haikuambii ukohoe kwenye simu. Inataka cheti cha daktari, na bila cheti mwajiri halazimiki kulipa. Mwenye ED, yaani cheti hicho, mkononi anaongea kwa sauti yake ya kawaida. Anayekohoa ni yule asiyekuwa nayo.

Sasa likizo yenyewe, ile ya mwaka. Ni siku 28, zenye malipo, tena malipo yenyewe unatakiwa uyapate kabla hujaondoka. (Mkumbushe mhasibu kwa upole, naye ni binadamu.) Lakini ni siku 28 mfululizo. Jumamosi zimo, Jumapili zimo, na sikukuu yoyote itakayoangukia humo ndani imeliwa, hailipwi siku nyingine. Hapa ndipo anapojulikana aliyesoma kalenda.

Chukua mwaka 2026. Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na kesho yake tarehe 7 ni Siku ya Karume. Mfanyakazi wa ofisini anapumzika siku 5 mfululizo bila kuandika barua wala kumwangalia mtu usoni. Ukimwona mwenzako amejaza fomu ya likizo kuanzia tarehe 1 Aprili, muonee huruma: amenunua kwa siku zake alichokuwa apewe bure. Muungano mwaka huo ni Jumapili. Wenzetu wa Kenya sikukuu ikiangukia Jumapili husogezwa Jumatatu. Kwetu ikianguka imeanguka. Mei Mosi ni Ijumaa, lakini usishangilie mapema. Hiyo ndiyo sikukuu ambayo mfanyakazi hufanya kazi kweli kweli: fulana mpya, bango, maandamano, kisha saa kadhaa juani akisubiri kusikia kama mshahara umetajwa.

Idi ina taratibu zake. Jioni ya tarehe 29 Ramadhani ofisi nzima, Wakristo wakiwa mstari wa mbele, inageuka kuwa wataalamu wa anga. Mpaka Mufti atangaze, hakuna ajuaye kama kesho ni pilau au ripoti ya mwezi. Mwongozo wangu: piga pasi shati la kazi, kisha lala na redio. Na sikukuu ikithibitishwa usijiamini sana. Tarehe 9 Desemba 2015 wengi tulijiandaa kwa gwaride la Uhuru. Rais Magufuli akafuta sherehe, akaagiza siku hiyo nchi ifanye usafi, naye mwenyewe akaonekana anaokota taka. Kama wewe umeitwa kazini siku ya sikukuu, kila saa hulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Sema hilo kabla ya kuanza kazi. Ukilisema baada ya kumaliza, utaambiwa una moyo wa kujitolea.

Ugumu mmoja haukwepeki: idadi ya siku ni yako, lakini tarehe ni za bosi. Sheria imemwachia aamue lini uende, mradi isipite miezi 6 baada ya mzunguko kwisha, au 12 kama umeridhia na kazi kweli imebana. Ndiyo maana Desemba ina vita. Watu wa Moshi wameandikisha Krismasi tangu Juni, na hakuna meneja mwenye akili anayewazuia. Wewe mwenye kwenu Lindi omba Septemba, kwa unyonge, kama mtu anayejitoa mhanga kwa ajili ya kampuni. Utapewa na shukrani juu.

Fomu ikifika kwenye ule mstari wa “anuani na simu wakati wa likizo”, anuani andika ya kweli, kijiji na kata. Simu ndiyo ya kufikiria. Kundi la WhatsApp la ofisi halijui likizo, na “samahani, swali dogo tu” huwa na viambatanisho vitatu. Sheria inasema mwajiri anayetaka ufanye kazi wakati wa likizo apate ridhaa yako na akulipe mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Usimtumie bosi kifungu, utaonekana mkorofi. Jibu baada ya siku 2: “Shikamoo bosi, huku mtandao unasumbua.” Ukishaandika hivyo, usipandishe picha za harusi.

Siku ya kurudi usiingie mikono mitupu, maana kuna mtu amekukaimu mwezi mzima na anayajua yaliyokuwa kwenye droo yako. Wa Bukoba alete senene, wa Kyela mchele. Kama likizo yote ulikuwa Goba unasimamia mafundi, pitia kwa wauza korosho wa stendi ya Mbezi, uombe wakufungie kwenye mfuko usio na jina la duka. Hakuna atakayeuliza zimetoka Mtwara lini.