Injinia wa Saa Kumi na Mbili na Nusu

Mamangu ananiita injinia tangu siku niliyomtumia picha ya kitambulisho cha chuo. Tarehe ya kumaliza hakuisoma. Aliitazama sura yangu na ile nembo, akapiga vigelegele mpaka majirani wa Tudor wakatoka kuuliza nani kaolewa. Nimejaribu kumweleza kwamba Kenya ina Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, na kwamba mtu kujiita mhandisi bila kusajiliwa na bodi ni kosa la kumfikisha mahakamani. Akanijibu, "Kwani wewe umejiita? Nimekuita mimi. Waje wanikamate."

Basi huyo injinia wake ni mtu wa miaka 38, fundi wa viyoyozi hapa Dubai, anayeshinda juu ya mapaa ya Al Quoz akijaza gesi na kuosha koili, kisha jioni anakimbilia darasani kusoma shahada ya uhandisi mitambo kidogo kidogo, kama anayelipia kabati kwa mafungu. Diploma ninayo, ya palepale Tudor. Chuo chenyewe kimebadilisha majina kuliko mimi viatu: kilianza kufundisha mwaka 1951 kikiitwa MIOME, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Technical University of Mombasa. Nilipoomba kazi ya usimamizi hapa, mudiri alikishika cheti changu kwa vidole viwili kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi, akauliza kama shahada ipo. Haikuwepo. Kijana aliyepewa nafasi alikuwa nayo, na wiki ya kwanza akaniuliza kwa sauti ya chini kompresa ni ipi kati ya hizi. Nilimwonyesha, nikashuka ngazi, nikaenda kujiandikisha kwa hasira. Hasira ile iliisha baada ya wiki mbili. Karo haijaisha mpaka leo.

Darasa huanza saa kumi na mbili na nusu jioni, siku tatu kwa wiki. Kazi huisha saa kumi na moja. Mwenye kuijua Dubai ameshacheka. Kutoka Al Quoz hadi Academic City, kule jangwani vyuo vilikorundikwa pamoja kama maduka ya spea, ni metro, halafu basi, halafu miguu. Metro naipandia kituo ambacho nilipofika mji huu kilikuwa na jina la benki, kikaja kuitwa Al Safa, kisha jina likachukuliwa na kampuni ya mambo ya kompyuta. Nashuka mwisho wa reli, Centrepoint, ambako sisi wakongwe tunaita Rashidiya na tutaendelea kuita hivyo. Kula ndani ya behewa ni faini ya dirham 100, kwa hiyo chakula changu cha jioni, paratha ya yai na chai ya karaki, nakimaliza nimesimama nje ya kituo kwa dakika nne, ulimi ukiungua.

Metro hiyo ilizinduliwa tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 2009, saa 9 na dakika 9 na sekunde 9 usiku, kwa saa zao. Walijivunia sana. Ukiisoma kwa saa ya Kiswahili ilikuwa saa tatu na dakika tisa, na utamu wote ukaharibika. Haina dereva, jambo ambalo wageni hulipiga picha. Mimi nalionea wivu: kitu kisicho na dereva hakisinzii. Abiria ndiye anayesinzia. Kuna siku nililala tangu Al Quoz, nikapitishwa mwisho wa reli bila habari, treni ikageuza na mimi ndani, nikazinduka tumesimama Uwanja wa Ndege. Kulia kwangu masanduku, kushoto masanduku, mama mmoja amekumbatia televisheni iliyofungwa kwa blanketi. Kwa sekunde tatu hivi nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani nimeshamaliza masomo, narudi nyumbani.

Sasa wanajenga njia mpya, Blue Line, kilomita 30, itakayofika Academic City. Jiwe la msingi liliwekwa Juni 2025 na ahadi ni kufunguliwa tarehe 9 Septemba 2029. Watu hawa na tisa zao! Kwa mwendo ninaokwenda nao, mimi na hiyo reli tutahitimu pamoja.

Nikifika darasani nakuta baridi. Nje nyuzi 41, ndani 18, na swichi ya kurekebisha imefungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki chenye kufuli. Wanafunzi wanavaa sweta na mabaibui mazito, mwalimu anavaa skafu, na wote tunajifunza namna ya kutumia nishati kwa busara. Mwalimu mwenyewe ni Mhindi mpole wa Kerala, anajua kila kitu isipokuwa nani ana ufunguo. Siku ya kwanza aliuliza tani moja ya ubaridi ni nini. Nikanyoosha mkono haraka, maana tani ni lugha yangu ya kila siku: chumba hiki tani moja na nusu, duka lile tani tano. Nikasema ni ukubwa wa mashine. Akatabasamu. Kumbe tani ni tani ya barafu kwelikweli! Zamani, kabla ya mashine, watu walipoza kwa mabarafu, na tani moja ya ubaridi ni nguvu ya kuyeyusha pauni 2,000 za barafu kwa saa 24, sawa na kilowati tatu na nusu hivi. Miaka kumi na miwili nimebeba tani za watu mabegani na sikujua kwamba nauza barafu.

Lakini aibu kubwa ilikuwa siku ya maji. Ilikuwa Agosti, ile Agosti ya unyevu ambayo ukitoka mlangoni miwani inageuka maziwa. Mwalimu alikuwa ameanza somo la hewa yenye mvuke, ile chati yenye mistari iliyopinda kama mbavu za ngamia, mara maji yakaanza kudondoka kutoka darini, tone kwa tone, juu ya projekta. Akapiga simu kwa fundi wa jengo. Hakuna fundi. Akaweka simu chini, akatazama dari, halafu akanitazama mimi. Darasa zima likageuka. Siku hiyo nilikuwa nimekuja na ovaroli.

Nikapanda juu ya meza, nikasukuma ubao wa dari, nikaingiza kichwa. Ugonjwa ulikuwa ule ninaoutibu mara nne kwa siku: sinia la chini ya koili limejaa pomoni, na bomba la kutolea maji limezibwa na utelezi wa vumbi na ukungu, mzito kama mlenda uliolala. Nikaomba waya wa kutundikia nguo, nikachokora. Maji yalipofunguka mengine yalipita bombani na mengine yalipita kwenye mkono wangu wa shati mpaka kwapani. Kazi ilichukua dakika hamsini. Muda wote huo, chini yangu, mwalimu aliendelea kufundisha. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi. Ukiipoza chini ya kiwango cha umande, inautema. Kila aliposema "kama mnavyoona" alikuwa ananyoosha kidole kwenye miguu yangu. Akataja Burj Khalifa, kwamba mnara ule hukusanya maji ya namna hii galoni milioni 15 kwa mwaka na kunyweshea bustani zake. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nakamua shati.

Swali hilohilo likaja kwenye mtihani. Hewa inaingia na nyuzi 38, inatoka na nyuzi 14, kokotoa kilo za maji zinazopatikana kwa saa moja. Wallahi maji yale ninayajua. Najua yanakotoka, najua yanakokwenda, najua ladha yake, Mungu anisamehe. Kilo zake ndizo sikuzijua, kwa sababu zilipokuwa zinafundishwa kichwa changu kilikuwa darini. Nikaandika: "Ndoo mbili, kama bomba halijaziba." Nikapata sifuri, na pembeni kwa wino mwekundu, "Onyesha njia." Njia gani tena? Njia si niliionyesha nikiwa juu ya meza!

Hiyo ni sapu ya kwanza. Ya pili ni ya boriti, nayo ni ya kujitakia. Katika somo la nguvu za vitu, mwalimu alitaka kutuchangamsha, akaleta picha ya dari ya nyumba ya kale pale Al Fahidi, boriti zimepangwa juu ya kuta za mawe, makuti na udongo juu yake. Nikasimama bila kuulizwa. Nikawaambia darasa zima kwamba miti ile ni mikoko ya kwetu, imetoka Lamu na Rufiji kwa majahazi; kwamba babu yangu mwenyewe alikuwa mkata mikoko Lamu, akihesabu kwa korja, miti 20 korja moja, na kila unene una jina lake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo; na kwamba biashara ile ilikufa Kenya ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982. Nikaongeza kwamba vyumba vya zamani vya Ghuba ni vyembamba kwa sababu mti wa mkoko ndio uliokuwa futi kamba ya mwashi: urefu wake ukiisha, chumba kimeisha. Nilipigiwa makofi. Mpakistani wa nyuma aliniomba namba ya simu.

Mwalimu akafurahi, akatunga swali la mtihani kwa heshima yangu. Boriti ya mkoko ya mita sita, inabeba uzito kadhaa, itapinda kiasi gani katikati? Yeye alitaka tukumbuke kwamba ukizidisha urefu mara mbili bila kubadili unene, na kila mita ikabeba mzigo uleule, kupinda kunazidi mara 16. Mimi nikaandika nusu ukurasa kueleza kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetandika mkoko wa mita sita, na kwamba babu yangu angemfukuza saiti. Nilipata alama mbili kati ya kumi. Moja ya jina na moja, nadhani, ya babu.

Nyumbani kusoma ni shida nyingine. Chumba chetu cha Deira tuko sita kwenye vitanda vitatu vya ghorofa, na taa huzimwa saa nne usiku kwa ajili ya Mganda mmoja mlinzi anayeamka saa tisa alfajiri. Ni mtu mkubwa na ana haki yake. Nasomea ngazini, karibu na lifti, na kila mlango wa lifti unapofunguka kuna mtu anauliza kama imeharibika.

Halafu kuna simu. Injinia, friji la shangazi halipozi. Injinia, pampu ya msikiti inaunguruma. Injinia, kijana wa jirani anataka kuja huko, mtafutie. Na mama, kila siku ya darasa, saa kumi na mbili na nusu kamili, mwalimu akifungua mdomo tu, simu yangu inatetema juu ya meza.

"Masalkheri, mama. Niko darasani."

"Masalkheri, injinia wangu. Ndio nimekupigia mapema, nikuombee dua kabla hujaingia. Si uliniambia mnaingia saa kumi na mbili na nusu? Huku ni saa kumi na moja na nusu."

Nimemweleza mara nyingi kwamba Dubai iko mbele ya Mombasa kwa saa moja. Anasema jua ni moja, mwanangu.

Sapu zote mbili ni Jumatano ijayo, saa kumi na mbili na nusu jioni. Mama, kwenu itakuwa saa kumi na moja na nusu. Dua iombe, tena ndefu. Simu usipige.